Kubaki au Kuondoka

Leonard Stretton alikuwa jaji, hakuwa bwana misitu. Mwanzoni mwa 1939 serikali ya jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, ilimpa kazi ya kuchunguza msiba ambao wafiwa wake walikuwa bado hawajaondoa matanga. Januari ile ilikuja baada ya ukame mrefu. Vijito vya milimani vilikuwa vimekatika, majani na magome ya mikaratusi yamerundikana chini ya miti, na huku na huko misituni ilikuwapo mioto midogo ambayo wafugaji, wachimba madini, wakata mbao na wapiga kambi walikuwa wameiwasha, kila mtu kwa haja yake. Ijumaa tarehe 13 joto la mji wa Melbourne lilifika nyuzi 45.6. Upepo mkali wa kaskazini ukaamka, na mioto ile midogo ikaungana. Watu 71 walikufa. Karibu hekta milioni 2 ziliungua, pamoja na viwanda 69 vya kupasua mbao. Katika kiwanda kimoja karibu na Matlock walikufa watu 15, akapona mmoja.

Stretton hakuongoza uchunguzi wake akiwa Melbourne tu. Alikwenda hadi miji ya milimani, akawaketisha mbele yake wakata mbao, wakulima, wenye viwanda na maofisa wa misitu, akawauliza. Aliona upesi kwamba wengi walikuwa wakipima maneno. Mfanyakazi alimwogopa tajiri wake. Idara ya misitu na bodi ya maji ya Melbourne zilikuwa na ugomvi wa miaka kuhusu nani achome majani makavu, wapi na lini, na kila upande ulikuja kujitetea. Katika ripoti yake jaji hakuficha kwamba ukweli ulikuwa mgumu kuupata. Hata hivyo alikata shauri waziwazi: moto ule uliwashwa na mikono ya watu. Ripoti iliandikwa kwa lugha nzuri kiasi kwamba baadaye ilisomeshwa katika shule za Victoria kama mfano wa nathari.

Naanza na jaji huyu kwa sababu ndani ya ripoti yake mna mbegu ya elimu ambayo wakati ule haikuwa na jina. Wakuu wa serikali walitarajia kuambiwa habari za miti na upepo. Stretton akawaletea pia habari za watu: nani humiliki nini, nani humhofia nani, kwa nini mtu awashe moto siku ya kiangazi akijua hatari yake. Alipendekeza viwanda vya mbao vichimbiwe mahandaki ya kujisitiri, na uchomaji wa majani makavu upangwe badala ya kuachiwa kila mtu. Miaka michache baadaye, baada ya mioto mingine mikubwa, Victoria ikaunda mamlaka ya zimamoto ya vijijini, CFA, ambayo hadi leo nguvu yake kubwa ni wanakijiji wanaojitolea bila mshahara.

Kisha likaja swali ambalo lingetawala miaka 70 iliyofuata. Moto ukija, mwenye nyumba afanye nini?

Tarehe 7 Februari 1967 moto ulishuka mlima Wellington hadi viunga vya Hobart, katika kisiwa cha Tasmania. Kwa saa chache za mchana ule walikufa watu 62, na nyumba karibu 1,300 ziliteketea. Wataalamu wawili wa moto, Alan McArthur na Phil Cheney, walikwenda kuchunguza. McArthur alikuwa tayari amebuni kipimo cha hatari ya moto kinachochanganya joto, ukavu wa hewa, upepo na ukame, na namba 100 ya kipimo hicho iliwakilisha hali ya Ijumaa ile ya 1939, iliyochukuliwa kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Huko Hobart walitazama jambo jingine pia, yaani mahali kila maiti ilipookotwa. Wengi walikuwa wamefia nje au njiani wakikimbia, na wengine hawakuwa mbali na nyumba zilizosalia zimesimama.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo inafaa kujua moto wa mikaratusi unavyoua. Ulimi wa moto wenyewe hauhitaji kumgusa mtu. Joto linalotoka kwenye ukuta wa miali husafiri hewani na kumuua aliye wazi kabla moto haujamfikia. Lakini ukuta huo hupita upesi. Mara nyingi ni dakika chache tu mbele ya nyumba moja. Kinachounguza nyumba, kwa sehemu kubwa, ni cheche na vipande vya magome vinavyopeperushwa na upepo, vikitua kwenye mifereji ya paa, chini ya sakafu za mbao, kwenye mkeka wa mlangoni. Cheche hizo huanza kunyesha kabla moto haujafika, na huendelea saa kadhaa baada ya kupita. Basi mtu mwenye nguvu, ndoo ya maji na tambara bovu anaweza kuzima kimoto kidogo ambacho, kikiachwa, kitamaliza nyumba nzima. Naye, wakati ukuta wa moto unapita, huwa amekingwa na nyumba ile ile anayoilinda.

Jumatano ya tarehe 16 Februari 1983 Victoria na Australia Kusini ziliungua kwa siku moja. Walikufa watu 75, na nyumba zaidi ya 2,000 zilipotea. Safari hii watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Caird Ramsay na wenzake wa shirika la utafiti la taifa, CSIRO, walichunguza mabaki ya nyumba katika milima ya Otway. Andrew Wilson na Ian Ferguson walifanya hivyo Mount Macedon, wakauliza nani alikuwapo, nani aliondoka, na nyumba ikawaje. Majibu yalielekea upande mmoja. Nyumba iliyokuwa na mtu mzima mwenye afya ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusalimika kuliko nyumba iliyoachwa. Waliokimbia dakika ya mwisho ndio waliokuwa katika hatari kubwa, maana barabara ilikuwa na moshi, miti iliyoanguka na magari mengine yaliyopoteza njia.

Hoja hiyo iliiva polepole mpaka ikawa sera. Kwa kifupi watu waliiita kubaki au kuondoka. Jiandae, kisha ama ubaki uilinde nyumba yako, ama uondoke mapema, saa nyingi kabla ya moto. Lililokatazwa ni la katikati, kukimbia ukiwa umechelewa. Msemo ukaenea vijijini kwamba watu huokoa nyumba, na nyumba huokoa watu. Mwaka 2003 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa moto, Bushfire CRC, kilichounganisha vyuo vikuu na vikosi vya zimamoto, na mwaka 2005 baraza la mamlaka za zimamoto la nchi nzima likaiweka sera hiyo katika waraka rasmi. Mwanasayansi wa jamii John Handmer na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu za vifo tangu 1900, wakaona sura ile ile. Kundi kubwa la raia waliokufa lilikuwa la waliochelewa kuondoka. Wanaume wengi walifia nje wakipambana. Wanawake na watoto walifia ndani walikojificha, au njiani.

Ilikuwa sera ya heshima. Ilimchukulia mwanakijiji kuwa mtu mzima mwenye akili yake, wakati katika nchi nyingine polisi huwatoa watu majumbani kwa amri. Nami naamini ilijengwa juu ya ushahidi wa kweli. Kilichokosekana kilikuja kuonekana Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2009.

Wiki iliyotangulia joto la Melbourne lilikuwa limepita nyuzi 43 siku tatu mfululizo. Wimbi hilo la joto peke yake, kwa hesabu ya idara ya afya ya jimbo, liliongeza vifo 374, zaidi ya mara mbili ya vile ambavyo moto ungeleta. Vilipita karibu kimya. Ijumaa waziri mkuu wa jimbo, John Brumby, aliwaonya wananchi kwamba kesho yake ingekuwa siku mbaya mno. Jumamosi joto likafika nyuzi 46.4, likaivunja rekodi ya 1939. Kipimo cha McArthur, ambacho 100 ilipaswa kuwa kilele chake, kiliruka mbali juu ya 100.

Kabla ya saa sita mchana waya wa umeme ulikatika Kilmore East ukawasha majani. Upepo wa kaskazini-magharibi uliubeba moto ule kuelekea kusini-mashariki, ukaruka barabara kuu, ukaingia milimani. Jioni upepo ukageuka, kama ufanyavyo Victoria mkondo wa baridi unapoingia kutoka baharini, na ubavu mzima wa moto, kilomita nyingi kwa urefu, ukawa ndio uso wake. Ubavu huo ukapanda hadi mji mdogo wa milimani wa Kinglake. Watu wa Kinglake hawakuwa wamepata onyo rasmi kwa wakati, maana kituo kilichokuwa na mamlaka juu ya moto ule kilikuwa kimezidiwa. Moto wa Kilmore East uliua watu 119. Moto mwingine, ulioanzia Murrindindi, uliingia mji mdogo wa Marysville karibu na saa moja jioni. Mji huo ulikuwa na wakazi 500 hivi. 34 walikufa, na wengine waliponea katika uwanja wa michezo, katikati ya nyasi fupi. Jimbo zima lilipoteza watu 173 na nyumba zaidi ya 2,000.

Waliofia ndani ya nyumba walikuwa 113. Namba hiyo iliwatikisa watu wa sera kuliko nyingine yoyote. Nyumba zilizosemwa kuwa huokoa watu zilikuwa zimewafungia.

Siku chache tu baadaye kundi la watafiti lilianza kuingia vijijini. Walikuwa wa vyuo mbalimbali, chini ya Bushfire CRC, wakiwemo wanasaikolojia, wanajiografia na wataalamu wa majengo. Wengine walikuwa vijana waliotoka kumaliza shahada ya uzamivu, au walikuwa bado wanaiandika. Wafikirie wanavyofika kwenye geti la mtu ambaye amepoteza jirani, au mke, au kila kitu, wakiwa na kinasa sauti na karatasi ya kuomba ridhaa. Kuna wanaoona aibu katika kazi hiyo, kwamba ni kuchokonoa kidonda kibichi. Mimi naona kinyume. Wengi waliohojiwa walitaka kusema, walitaka mtu asikilize mwanzo hadi mwisho bila kuwalaumu, na kumbukumbu ya siku kama ile, isipoandikwa mapema, hubadilika ndani ya kichwa cha mwenyewe anaporudia kuisimulia. Walikusanya mahojiano zaidi ya 600. Baadaye walituma hojaji, na kaya 1,314 zikajibu.

Waliyoyakuta ndani yake ndiyo kiini cha historia hii. Karibu nusu ya kaya zilizojibu zilibaki kulinda nyumba, na karibu nusu ziliondoka, kama kwamba sera ilikuwa imefuatwa. Lakini ukisoma watu walivyoifikia hatua yao, unakuta sura nyingine. Wengi hawakuwa wamechagua kubaki, wala hawakuwa wamechagua kuondoka. Walikuwa wakingoja waone. Mpango wao ulikuwa kubaki mpaka mambo yazidi, kisha waondoke, na hilo ndilo hasa sera ililolikataza. Wengine walisubiri onyo lililo bayana, waambiwe na mamlaka kwamba sasa ni zamu yao, na onyo halikuja au lilikuja wakati cheche zimeshatua uani. Wapo waliokuwa kwenye viunga vya miji ambao hawakuwahi kudhani kwamba moto wa msituni ni jambo linalowahusu. Na katika nyumba nyingi hapakuwa na uamuzi mmoja, kwa sababu hapakuwa na mtu mmoja. Mume alitaka kubaki, mke alitaka kuondoka na watoto, na mazungumzo waliyokwepa miezi mingi wakayafanya moshi ukiwa dirishani.

Uchunguzi wa vifo uliofanywa na Handmer na wenzake uliongeza uchungu wa picha hiyo. Asilimia 44 ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka 12, wazee wa zaidi ya 70, au watu wenye maradhi na ulemavu. Sera ilikuwa imemwandikia mtu mzima mwenye nguvu, pampu na mpira wa maji. Siku ile katika nyumba zile walikuwamo bibi, mgonjwa na mtoto mchanga. Wengi walikuwa wamejificha bafuni, chumba chenye maji lakini mara nyingi kisicho na mlango wa kutokea nje wala dirisha la kutazama moto umefika wapi. Walikuwamo pia waliojiandaa vizuri kabisa, waliofanya kila walichofundishwa, na moto ukawashinda.

Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Bernard Teague, jaji mstaafu, ilikaa siku 155 ikasikiliza mashahidi 434. Ripoti yake ya mwisho, Julai 2010, ilikuwa na mapendekezo 67. Wapo waliotaka sera ya kubaki au kuondoka itupwe. Tume haikuitupa. Ilisema msingi wake bado ni sahihi kwa mioto mingi, ila haukuwa umezingatia moto wa ukali ule, wala watu kama walivyo. Kuondoka mapema kukawekwa mbele kama njia salama kuliko zote. Daraja jipya la hatari liliongezwa juu ya yale ya zamani, na siku za daraja hilo nyumba yoyote, hata iliyoandaliwa, ilihesabiwa kuwa si mahali pa kuponea. Yakatengwa maeneo ya kukimbilia kama suluhisho la mwisho, yale ambayo watu wa Marysville waliyapata kwa bahati. Simu za mkononi zikaanza kupelekewa maonyo.

Haikuwa jambo dogo. Mamlaka zilikubali kwamba kungoja uone si ukaidi wala ujinga wa wachache. Ndivyo binadamu wafanyavyo mbele ya hatari isiyo na hakika, hasa wakiwa na ng'ombe, farasi, kazi, jirani mzee na nyumba ambayo mkopo wake haujaisha. Onyo linalofaa linapaswa kumfikia mtu huyo anayengoja, lisimwandikie mtu mwingine asiyekuwapo.

Watafiti wengine walibaki baada ya kamera kuondoka. Christine Eriksen aliandika kitabu kuhusu jinsia na moto, akionyesha jinsi fikra za uanaume wa mashambani zinavyomfunga mwanamume kwenye mpira wa maji na kumwacha mwanamke bila ujuzi wa pampu, kisha siku ya moto mume yuko kazini. Debra Parkinson aliwahoji wanawake wa maeneo yaliyoungua kuhusu ukatili wa majumbani uliofuata, jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia, kwa kuwa wanaume wale wale walikuwa wamesifiwa kama mashujaa. Chuo Kikuu cha Melbourne, chini ya Lisa Gibbs, kilifuatilia zaidi ya watu 1,000 kwa miaka mingi. Miaka mitano baada ya moto, takriban mtu mmoja kati ya watano katika maeneo yaliyoumia zaidi alikuwa bado na dalili za maradhi ya akili. Waliokuwa wanachama wa vikundi vya kijijini, iwe kwaya, timu au kamati, kwa jumla walikuwa na hali nafuu.

Kiangazi cha 2019 na 2020 kiliwapima tena. Mioto ilidumu miezi, ikala mamilioni ya hekta, ikaua watu 33 na kuteketeza nyumba zaidi ya 3,000. Mallacoota, mji wa pwani wa Victoria, watu walikimbilia ufukweni na meli ya jeshi la majini ikaja kuwachukua. Ukilinganisha na ukubwa wa eneo lililoungua, vifo vilikuwa vichache kuliko 2009, na wengi waliondoka mapema. Watafiti walirudi tena magetini, safari hii katika jimbo la New South Wales, kwa mahojiano zaidi ya 200 na hojaji ya watu zaidi ya 2,000. Wakasikia mapya. Ukame ulikuwa umekausha matangi, kwa hiyo hata aliyejiandaa kubaki hakuwa na maji ya kulindia nyumba. Wengine walikuwa wameonywa wiki baada ya wiki mpaka wakachoka kuonywa.

Mwezi wa Septemba 2022 Australia nzima ilianza kutumia mfumo mmoja wa madaraja ya hatari, wenye ngazi nne badala ya sita. Ngazi zilipunguzwa baada ya maelfu ya wananchi kuulizwa wanachoelewa kutoka kwenye vibao vya barabarani. Wengi hawakuweza kueleza wafanye nini kibao kikisoma hivi au vile. Kila ngazi sasa imeambatana na jambo moja la kufanya.

Kituo cha utafiti kilichorithi kazi hii tangu 2021, Natural Hazards Research Australia, pamoja na vyuo vikuu, huajiri vijana waliomaliza uzamivu kwa mikataba mifupi. Maswali yanayowasubiri yanazidi kuwa mapana. Victoria ya leo si ya wakata mbao wa 1939. Shepparton na Mildura, miji ya mashamba ya matunda, zina familia za Wakongo na Warundi ambazo nyumbani huzungumza Kiswahili. Wengi wao wanajua moto wa shamba, ule unaowashwa kwa mpango kabla ya mvua na kusimamiwa kwa matawi mabichi. Moto unaoruka barabara kuu na kugeuka na upepo ni mwingine, na ujuzi wa kwanza unaweza kumpa mtu ujasiri usiofaa mbele ya huu wa pili, au ukamsaidia kuuelewa haraka kuliko mtu wa mjini. Jibu haliwezi kupatikana bila kuwauliza, kwa lugha yao.

Na kuuliza kunahitaji muda. Mtafiti kijana hutumia mwaka wa kwanza kujulikana: kwenda kwenye mikutano ya wazimamoto wa kujitolea, kunywa chai na wazee, kusikia habari za mvua na bei ya ng'ombe kabla ya kuruhusiwa kugusa habari za moto. Mwaka wa pili watu huanza kumwambia ukweli. Wa tatu, fedha huisha, naye huhamia mji mwingine na mradi mwingine. Handmer aliweza kusoma vifo vya karne nzima kwa sababu kumbukumbu zilikuwapo. Gibbs aliweza kuona maumivu ya mwaka wa tano kwa sababu mtu alikubali kulipia mwaka wa tano. Kijiji kilichoungua hakiishi kwa kalenda ya mikataba, na serikali inayotaka kujua wananchi wake watafanya nini siku ya moto inapaswa kuwalipa watafiti hao wabaki.